Tusioshe motokari kwa esansi karibu na maji yetu



Kila kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, bustani za pembeni ya Lubumbashi zinaishi kwa maji ya mito na visima vifupi. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, na Kafubu inaenda mpaka Luapula. Maji hayo yanakuza lengalenga, shu na tomati tunazopeleka sokoni. Pembeni ya maji hayo hayo vijana wanaosha motokari, na kamio zinazobeba mavuno yetu zimo. Injini ikiwa na grisi, wanamwaga esansi ao mazuti, wanasugua, kisha wanamalizia na sabuni. Ukiuliza, shofele anajibu: "Mayi inatembea, itabeba byote."

Sisi tunasema hapana, haibebi yote.

Tuseme kweli: esansi ikimwagwa juu ya mto, sehemu kubwa inapanda hewani. Kwa hiyo wa kwanza kuumia ni kijana anayeosha. Anavuta mvuke, mikono inalowana, kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu. Ndani ya esansi kuna benzeni, na imehakikishwa kwamba benzeni inaleta kansa ya damu kwa mtu anayeivuta muda mrefu.

Ile inayomwagika chini inaingia udongoni. Kule hakuna jua wala upepo, basi inakaa, na inatembea polepole kuelekea kisima. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema maji ya kunywa yasipite mikrogramu 10 za benzeni kwa lita moja. Fanyeni hesabu: tone moja tu la benzeni linatosha kufikisha lita 4 000 hivi kwenye kipimo hicho. Mazuti na mafuta machafu ya injini hayapandi hewani kama esansi. Yanabaki yameshika udongo.

Kuna pia dawa za makopo za kusafishia freni. Zingine zina dawa ya jamii ya klorini. Esansi inaelea juu ya maji, lakini hizi ni nzito kuliko maji: zinazama mpaka chini kabisa, na kuzitoa ni kazi ngumu sana. Moja yake ni tetrakloroetileni. Desemba 2024 Marekani ilitoa amri ya kuondoa kwa watu wa kawaida bidhaa zenye dawa hiyo. Angalieni kopo: mukiona neno lenye "chloro" ndani yake, muiache dukani.

Wengine watasema sabuni inachelewesha kazi. Ni kweli. Lakini kisima kikiharibika, hakuna sabuni ya kukisafisha. Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 inakataza kutupa majini vitu vya kuyachafua, lakini polisi hatasimama kila kando ya mto. Na tutaambia jirani nini, kama kamio yetu wenyewe inaoshwa pale?

Kwa hiyo tunaomba kila koperative ikate shauri kwenye mkutano ujao:

Kamio ya koperative ioshwe mbali na mto na kisima, upande wa chini wa kisima, kwa maji ya moto, sabuni na brosi. Grisi ikwanguliwe kwanza na kijiti, na vumbi la mbao linyonye mafuta.

Kijana anayeosha alipwe kazi yake sawasawa, hata ikichukua saa zaidi. Tusimfukuze, tumwonyeshe njia nyingine.

Bidoni iliyobeba esansi isitiwe tena maji ya kunywa ao mafuta ya kula, hata ikioshwa mara kumi. Plastiki inanyonya esansi na kuirudisha.

Mtoto akimeza esansi, musimtapishe. Mumpeleke kituo cha afya mara moja.

Mnunuzi sokoni hawezi kuonja benzeni kwenye lengalenga, wala mtoto kwenye kikombe cha maji. Wanatuamini sisi tunaokaa juu ya mto. Tuanze na kamio yetu.