Wenye magobore wasakwa, bastola za bandia zauzwa kama pipi

KILA Krismasi na Idi zinapokaribia, meza za wamachinga pale Mwanjelwa mjini Mbeya, na zile za karibu na Soko Kuu la Iringa, huota bastola. Zipo nyeusi, zipo za rangi ya fedha, zipo hata zile ndefu zenye mfano wa SMG tunayoiona begani mwa askari wa benki. Ni za plastiki, zimetoka China, na nyingine zinarusha vidonge vidogo ambavyo kikimpata mtoto jichoni ni hospitali moja kwa moja. Mnunuzi haulizwi jina wala umri. Toa hela, chukua bastola, nenda zako.

Wiki hii tunazungumzia bastola hizo. Tunajua wapo watakaosema gazeti limeishiwa habari, kwamba mbolea imepanda bei nasi tunashughulika na midoli. Wasubiri kidogo.

Chukua saa tatu za usiku, pale Kabwe au Mafiati, umeme umekatika. Mama anayelipa fedha za simu yuko kwenye kibanda chake anahesabu mauzo. Anatokea kijana ambaye uso hauonekani, mkononi ana kitu cheusi. Mama huyo hataomba akishike kwanza apime uzito ajue kama ni chuma au plastiki. Atatoa fedha zote, na akifika nyumbani atashukuru Mungu kuwa yuko hai. Kwake yeye ile ilikuwa bastola, na hofu aliyoipata ni hofu kamili.

Upande wa pili yupo kijana mwenyewe. Akikamatwa, polisi watamfungulia shauri la unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake ya chini ni miaka 30 jela. Shauri hilo halina dhamana. Iwapo kipande cha plastiki ni silaha au si silaha, hilo ni la mawakili kubishana mahakamani, na kijana wa aina hiyo mara nyingi hana wakili. Atakaa mahabusu katika gereza la Ruanda akisubiri upelelezi ukamilike, na wote tunajua upelelezi wa nchi hii unavyokamilika. Hatumtetei mwizi. Tunasema tu kwamba bidhaa iliyouzwa kama pipi inaweza kummaliza mtu ujana wake wote, na aliyeiingiza nchini hatajulikana kamwe.

Lakini tunachokihofia zaidi si wizi. Tunahofia siku ambayo aliyeshika bastola ya plastiki atakuwa mtoto anayecheza, na atakayemwona atakuwa askari.

Jambo hilo limekwisha kutokea kwa wenzetu. Novemba 22, 2014, mjini Cleveland nchini Marekani, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa anachezea bastola ya bandia kwenye bustani ya umma. Sheria ya Marekani inataka midoli ya namna hiyo iwe na ncha ya rangi ya chungwa ili ijulikane. Ya kwake ncha haikuwapo tena. Mtu aliyepiga simu polisi alisema huenda bastola hiyo ni ya bandia, ila maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lilisimama, na ndani ya sekunde mbili hivi mtoto alikuwa amepigwa risasi. Alifariki kesho yake. Askari aliyempiga hakushitakiwa. Jiji likailipa familia dola milioni 6, kana kwamba mtoto ana bei.

Mtasema Marekani ni mbali. Haya, Nyololo je? Septemba 2, 2012, katika kijiji hicho cha Wilaya ya Mufindi, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa akiwa kazini wakati polisi wakiwatawanya wafuasi wa Chadema waliokuwa wanafungua tawi. Kilichomuua ni bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake, chombo ambacho siku zote tunaambiwa hakiui. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Sasa askari wa namna hiyo akimkuta kijana wa Ilemi au Kihesa usiku, ana kitu cheusi mkononi, mnadhani atamuuliza kwanza ameinunua kwa nani?

Waingereza, ambao sheria zetu nyingi tulizirithi kwao, waliliona tatizo hili wakalifanyia kazi. Mwaka 2006 Bunge lao lilipitisha sheria ya kupunguza uhalifu wa kutumia nguvu, na kuanzia Oktoba 1, 2007 ikawa kosa kutengeneza, kuingiza au kuuza bunduki ya bandia inayofanana na ya kweli. Waliosamehewa ni wachache: majumba ya makumbusho, watu wa maigizo na filamu, wanaoigiza vita vya kale, na wachezaji wa mchezo uitwao easofti. Huu ni mchezo wa watu wazima wanaoingia msituni kwa makundi na kupigana vita ya uongo kwa bunduki za kurusha vidonge vya plastiki. (Ndiyo, zipo nchi watu wanalipa kiingilio ili wakimbizwe msituni na mtu mwenye bunduki. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wangeshangaa sana.)

Mchezaji huyo haingii dukani akatoka na bunduki. Kwanza awe ametimiza miaka 18. Kisha kuna daftari lililoanzishwa na wenye maduka wenyewe, linaloitwa UKARA. Ili jina liingie humo ni lazima uwe umecheza angalau mara 3 kwenye uwanja unaotambuliwa, katika muda usiopungua siku 56. Ukiisha kuandikishwa unapewa namba, na muuzaji anaihakiki namba hiyo kabla hajakukabidhi kitu. Asiye na namba anauziwa ile iliyopakwa rangi kali, buluu, kijani au waridi, ambayo mtu hawezi kuidhania ya jeshi.

Daftari hilo lina matundu yake. Mtu anaweza kwenda kucheza mara tatu kwa sababu anaitaka bunduki tu, akisha kuipata asionekane tena uwanjani. Hata hivyo atakuwa ameonwa uso, na watu watakuwa wamemjua jina na tabia, kabla hajashika chombo kinachotisha. Waingereza wameweka macho ya watu katikati ya fedha na bastola. Pale Mwanjelwa katikati ya fedha na bastola hakuna kitu.

Sasa tumwangalie yule ambaye sisi tunamuuliza maswali.

Nenda Idodi, Pawaga au Tungamalenga, kando ya Hifadhi ya Ruaha, au panda kwenda Chunya. Mahindi yakianza kukomaa mkulima anahamia shambani. Analala kwenye kichanja, anapiga debe usiku kucha kuwafukuza nguruwe, mchana anapambana na nyani, na tembo akija anakimbia yeye. Wapo wenye magobore waliyoachiwa na baba zao, silaha ya kushindilia baruti kwa mdomo, ambayo ukikosa mara ya kwanza nguruwe anapata muda wa kumaliza tuta zima ndipo uwe tayari tena. Mtu huyu ndiye anayesakwa.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na athibitike kuwa anaweza kuitunza na kuitumia silaha. Ni masharti ya haki na hatuyapingi. Iringa hasa haina haja ya kufundishwa bunduki ni nini. Krismasi ya mwaka 1971 kule Isimani, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu aliuawa kwa bunduki na mkulima Saidi Mwamwindi, na hadi leo wazee wakilitaja jambo hilo wanapunguza sauti.

Ugomvi wetu ni wa njia. Karatasi ya mkulima inaanza serikali ya kijiji, inapanda hadi kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, inakwenda polisi, na kila ngazi ina nauli yake na, tuseme ukweli, ina chai yake. Kwa mtu wa Pawaga kwenda na kurudi Iringa mjini mara nne ni gunia la mpunga. Wenye magari wanaimaliza safari hiyo, na ndiyo maana tunao watu wenye vitabu vya silaha ambao hawajapata kuona nguruwe ila kwenye sahani.

Asiyeimaliza safari hiyo husubiri msamaha au operesheni. Mwaka 2022 na tena mwaka 2023 Serikali ilitangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa. Ni hatua njema, lakini aliyepeleka gobore lake kituoni alirudi nyumbani mikono mitupu, na nguruwe hawakutangaziwa msamaha wowote. Kuhusu operesheni, hatuhitaji kukumbusha sana. Tokomeza ya Oktoba 2013 ilianza kwa kuwatafuta majangili wa tembo, ikaishia kwa raia kupigwa, kuteswa na wengine kufa, hata Bunge likapiga kelele na mawaziri wanne wakaondoka Desemba 20 mwaka huohuo.

Kwa hiyo tunaitaka Wizara ya Mambo ya Ndani ianze na bandari badala ya vichanja. Shirika la Viwango linakagua betri na vipodozi vinavyoingia. Likague na bastola hizi. Ya mtoto iwe ya rangi kali nje nzima, na isiwe na nguvu ya kumtoa mtu jicho. Ile nyeusi yenye ukubwa na sura ya silaha ya kweli iondoke mezani kabisa. Wapo watakaoihitaji kwa kazi halali, kama vijana wa filamu na vikundi vya maigizo. Hao wana vyama na viongozi, waandikishwe kupitia huko, muuzaji awe na daftari, na anayeihitaji aende na mtu wa chama chake anayemjua. Mgambo wetu wamefanya gwaride kwa bunduki za mbao miaka yote wala hakuna aliyepungukiwa uzalendo.

Isije ikawa tena kamatakamata ya machinga. Yule kijana wa Mwanjelwa ananunua kwa jumla anachokikuta, na akinyang'anywa mzigo wake leo kontena jingine litateremshwa kesho. Jina tunalolitaka kwenye daftari la kwanza ni la mwenye kontena.

Na gobore nalo lipewe daftari lake. Afisa atoke wilayani, afike kwenye kata siku ya gulio, mwenyekiti wa kijiji na majirani wakiwapo, maana wao ndio wanaojua nani mlevi, nani anapiga mkewe na nani ana shamba kweli. Anayefaa apewe kibali palepale, asiyefaa silaha ichukuliwe mbele ya wote, na asikamatwe mtu kwa kuwa ameitikia wito. Ada isomwe hadharani kabla ya kazi kuanza, na kila anayelipa apewe risiti.