Kupita Bila Kupingwa Si Kushinda

Mwezi Agosti 2018 vijiji vinavyouzunguka mji wa Korogwe vilipata mbunge bila ya mtu hata mmoja kutumbukiza karatasi katika sanduku la kura. Jimbo la Korogwe Vijijini lilikuwa limebaki wazi baada ya kufariki mbunge wake, na uchaguzi mdogo ulikuwa umepangwa kufanyika tarehe 16 Septemba, siku moja na ile ya Ukonga na Monduli. Ukonga na Monduli walipiga kura. Korogwe Vijijini hawakupiga, kwa kuwa mgombea wa CCM alikwisha tangazwa kuwa amepita bila kupingwa. Mkulima ateremkaye Manundu kuuza gunia lake la mahindi alitoka kwake asubuhi hana mbunge, akarudi jioni anaye. Katikati ya asubuhi na jioni hakuna aliyemuuliza neno.

Wapo walioliita jambo hilo ushindi, tena ushindi mtamu kwa vile haukumtoa mtu jasho. Ama kwa hakika hapa ndipo lugha inapodhulumiwa. Kiswahili kina methali isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo imekaririwa miaka na miaka kuwanyamazisha walioshindwa, lakini husomwa nusu. Kabla ya mtu kukubali kushindwa sharti awe ameshindana, na kabla ya mtu kuitwa mshindi sharti awepo aliyeshindwa. Wahenga hawakusema popote kwamba asiyeshindana ni mshindi.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kufundishwa hili. Katika mwambao huu malenga hakupewa jina la umalenga kwa kuimba peke yake. Alitunga fumbo, akalitupa barazani, akangoja. Likija jibu la kulifumbua, alijibu jibu. Na katika kujibizana huko watu wakajua nani ana maneno na nani ana kelele. Muyaka bin Haji wa Mombasa asingekuwa Muyaka lau Lamu na Unguja zingalinyamaza. Shairi lisilojibiwa halikushinda. Limepuuzwa, au watu wameogopa kulijibu. Na mshairi ambaye wenziwe wamefungiwa mlango ili asome peke yake, huyo hata akipigiwa vigelegele mpaka alfajiri, moyoni anajua.

Basi yafaa kuuliza: maradhi haya yalianza lini? Jibu la haraka huyaanzia miaka ya karibuni, na jibu hilo ni la kujistarehesha. Bunge la Uhuru la Tanganyika lenyewe lilizaliwa nayo.

Mwaka 1926 Waingereza waliunda Baraza la Kutunga Sheria, na kwa miaka 19 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyekaa humo. Wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945, nao waliteuliwa. Kura ilikuja mwaka 1958 na 1959, ikiwa imefungwa minyororo. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na ili aitwe mpiga kura alihitaji elimu, cheo kinachotambuliwa, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000. Mkata mkonge wa Ngombezi au Magunga, aliyeamka gizani na kurudi mikono imechanika kwa miiba, hakuzikaribia shilingi hizo. Katika mashamba hayo wafanyakazi waligoma mara kwa mara mwishoni mwa miaka ya 1950. Sauti walikuwa nayo, na waliitumia. Kura ndiyo hawakuwa nayo.

Agosti 1960 masharti yalilegezwa. Aliyejua kusoma na kuandika, iwe kwa Kiingereza iwe kwa Kiswahili, aliruhusiwa kupiga kura. Kwa mara ya kwanza lugha ya Shaaban Robert ikawa ufunguo wa mlango wa Bunge. Watu wapatao 885,000 wakajiandikisha. Kisha yakatokea ya kutokea: katika viti 71, viti 58 vilichukuliwa na TANU bila kupingwa. Ni viti 13 tu vilivyopigiwa kura, na waliofika kwenye masanduku hawakuzidi sana 120,000. Chama hicho kikapata viti 70. Kimoja, cha Mbulu, kikaenda kwa Herman Sarwatt aliyesimama peke yake. Baraza hilo ndilo lililogeuka kuwa Bunge tarehe 9 Desemba 1961, katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Waliolichagua kwa kura zao walikuwa wachache kuliko waliolingoja.

Haki isemwe. Mwaka 1960 TANU ilipendwa, na hapana ushahidi kwamba ingeshindwa katika viti vile 58 kama ingalipata wa kushindana nao. Kupendwa huko hakukuwa kwa hila. Lakini kupendwa nako kuna hatari yake. Taifa lilijifunza tangu siku ya kwanza kwamba kura ni kitu kinachoweza kurukwa ikiwa jibu linajulikana. Na mtu akishazoea kulijua jibu kabla ya kuuliza, si muda mrefu ataacha kuuliza hata pale asipolijua.

Ndivyo ilivyokuwa. Novemba 1962 Julius Nyerere alishindana na Zuberi Mtemvu kuwania urais, akapata zaidi ya kura milioni moja dhidi ya elfu ishirini na kidogo za mwenzake. Mtemvu hakumpunguzia Nyerere kitu. Alimpa ushindi wenye haki ya kuitwa ushindi. Hata hivyo miezi miwili baadaye, Januari 1963, TANU ikaamua kwamba nchi iwe ya chama kimoja. Hoja ilikuwa ile ya fahali wawili kutokaa zizi moja, kana kwamba Bunge ni zizi na wananchi ni ng'ombe.

Hata ndani ya chama hicho kimoja watu walionyesha njaa yao ya kuchagua. Mwaka 1965, walipopewa wagombea wawili wawili, jembe na nyumba, waliwaangusha vigogo. Paul Bomani, aliyekuwa waziri wa fedha, alianguka Mwanza. Bibi Titi Mohamed, sauti iliyowaamsha wanawake wa nchi nzima, alianguka Rufiji. Wapiga kura hawakuwa wamewachukia wapigania uhuru. Walikuwa wamepewa nafasi ya kupima, wakapima. Jibu la wakubwa lilikuwa kuipunguza mizani. Oktoba 1968 wabunge kadhaa walivuliwa uanachama wa TANU, na kwa kuvuliwa huko wakapoteza viti ambavyo hawakupewa na TANU peke yake. Baadaye ikaja enzi ya chama kushika hatamu, na Bunge likawa farasi.

Hapa mshairi ana lake la kujibu pia. Mathias Mnyampala, bingwa asiye na shaka, aliupa ushairi utanzu wa ngonjera: watu wawili hubishana kwa beti, mmoja hajui na mwenziwe anajua, na mwisho asiyejua hukiri na wote wakawa kitu kimoja. Utanzu huo ulifaa sana shuleni. Ulipokuwa mfano wa siasa, ulidhuru. Katika ngonjera mpinzani huwekwa ili ashindwe. Beti zake zimetungwa na mkono uleule uliotunga za mshindi. Bunge la miaka ile likawa ngonjera ndefu. Malumbano ya kale, ambamo hakuna aliyejua jibu litatoka wapi na kwa vina gani, yakasahauliwa.

Watetezi wa kupita bila kupingwa wana hoja moja nzito, nayo hutolewa visiwani kuliko kwengineko kokote. Husema: tazameni Unguja na Pemba. Huko walishindana mpaka kura ya mwisho. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja, na baraza zima likagawika 11 kwa 11. Juni mwaka huo uchaguzi ukarudiwa, na watu 68 wakauawa. Ushindani ulileta damu, damu ikaleta Januari 1964. Je, si heri kimya cha Korogwe?

La hasha. Hoja hii humshitaki asiyekosa. Kilichoipasua Zanzibar hakikuwa kule kuulizwa wananchi. Kilikuwa ni jibu lao kutosikilizwa. Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13 katika 31. Wengi wakabaki nje ya serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba, na mwezi mmoja na siku mbili baadaye serikali hiyo haikuwepo. Na dawa iliyofuata ilikuwa ipi? Ni kukosa kabisa chombo cha kuchaguliwa cha kutunga sheria, tangu 1964 hadi Baraza la Wawakilishi lilipokutana kwa mara ya kwanza Januari 1980. Miaka 16 ya kimya haikufuta uhasama. Uchaguzi wa vyama vingi uliporudi mwaka 1995, uhasama ulikuwa pale pale umekaa kibarazani, unangoja chai yake.

Na asiyeridhika na mifano ya nyumbani aitazame Ayalandi. Watu wa kisiwa hicho, waliotawaliwa na Uingereza kwa karne nyingi, waliunda Bunge lao wenyewe mjini Dublin tarehe 21 Januari 1919, na kikao hicho wakakiendesha zaidi kwa Kiayalandi ilhali wengi wao walikizungumza kwa taabu. Kwa ujasiri huo wanastahili kusifiwa. Lakini Mei 1921, katika uchaguzi wa Ayalandi ya Kusini, viti vyote 128 vilichukuliwa bila kupingwa, 124 vikiwa vya Sinn Féin. Hapakupigwa kura hata moja. Aliyeutazama umoja ule angesema hakuna taifa linaloafikiana kuliko hilo. Januari 1922 Bunge lililotokana na uchaguzi huo likaupigia kura mkataba na Waingereza: 64 wakaukubali, 57 wakaukataa. Kabla ya mwaka kufika nusu, ndugu walikuwa wanapigana kwa risasi. Tofauti zao zilikuwepo siku zote. Hazikupata sanduku la kura la kutokea mapema, zikatokea kwa mtutu wa bunduki. Kimya kingi kina mshindo.

Kwa hiyo walioshangilia Agosti 2018, na walioshangilia tena mwaka 2020 pale majimbo 28 ya Tanzania yalipopata wabunge kwa njia hiyohiyo, hawakushangilia amani. Tena baina yao na watu wa 1960 kuna tofauti isiyopaswa kufichwa. Mwaka 1960 mara nyingi mpinzani hakutokea. Mwaka 2020 wapinzani walitokea, na wengi wao waliangukia kwenye fomu: sahihi, tarehe, mhuri, koma. Taifa la malenga likafika mahali pa kuengua watu kwa koma.

Mwaka 2024 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, na mgombea aliyebaki peke yake sasa hana budi kupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua, na haipasi kubezwa. Lakini wenye umri wanaikumbuka kura hiyo. Ndiyo iliyotumika kumpata rais tangu 1965 hadi 1990. Kuchagua baina ya mtu na kivuli si kuchagua. Mwenye kusema "hapana" anajua anachokikataa, ila hakupewa mtu wa kumkubali badala yake. Ni kama kumpa mshairi karatasi na kumwambia: jibu shairi hili, ila kwa neno moja.

Oktoba 2025 ilikwisha kuonyesha mwisho wa njia hiyo. Chama kikuu cha upinzani Bara hakikuwemo katika karatasi za kura. Mshindi wa urais akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Na siku ya kupiga kura, tarehe 29, ghasia zikazuka mijini na watu wakapoteza maisha. Tume iliundwa kuchunguza. Haikuhitaji tume kujua kwamba watu walionyimwa ushindani katika karatasi wanaweza kuupeleka barabarani. Dublin ya 1922 ilikwisha kusema hivyo.

Dawa ni ya zamani, na haiagizwi ng'ambo. Fomu isimwengue mtu kwa kosa linalosahihishika kwa kalamu. Anayehesabu kura asiwe ameteuliwa na anayehesabiwa. Aliyeshindwa apewe baraza la kusemea, na mwenye kiti ajibu kwa hoja, vina kwa vina, mizani kwa mizani. Hakuna hata moja katika haya ambalo baraza la ushairi la mwambao halikulijua kabla ya reli ya Tanga kufika Korogwe.

Mkulima wa vijiji vile bado anateremka Manundu na gunia lake. Sokoni hapo hakubali bei ya mnunuzi wa kwanza; huzunguka, husikiliza wa pili na wa tatu, hubisha, huondoka, huitwa, hurudi. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba kubishana huko kunavunja amani ya soko. Mtu anayeaminiwa kuyapigania mahindi yake hawezi kuwa mjinga wa kumchagua atakayemtungia sheria. Aulizwe.