Kisu Kipya cha Askari wa Uswisi: Kosa Liko Kwenye Makali

Makuruta walioingia jeshi la Uswisi mwanzoni mwa 2009 walikabidhiwa kisu cha kukunja ambacho baba zao wasingekitambua. Kile cha zamani, cha mwaka 1961, kilikuwa na urefu wa milimita 93 kikiwa kimekunjwa, uzito wa gramu 72, na mpini mwembamba wa alumini ya rangi ya fedha. Kipya kina milimita 111 na gramu 131. Mpini wake ni wa plastiki ya kijani iliyotiwa vipande vya mpira mweusi ili usiteleze. Ubapa una tundu kubwa la kuingiza kidole gumba, mtu akifungue kwa mkono mmoja, na kufuli ya kuuzuia usijikunje ukiwa kazini. Kimeongezewa msumeno wa mbao na bisibisi ya nyota. Makali yake, kwa sehemu, yana meno ya mawimbi kama ya kisu cha kukatia mkate. Wapenzi wa visu, wale wanaovikusanya na wale wanaotembea navyo mfukoni kila siku, waligawanyika mara moja, na hawajapatana hadi leo. Wengi walilalamika kwamba urithi wa taifa umeharibiwa. Nadhani walikuwa na haki ya kulalamika, lakini wengi wao walilalamikia vitu visivyostahili, na kosa moja la kweli likapita bila kupigiwa kelele za kutosha.

Tuanze na hoja ya urithi, maana ndiyo iliyosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Kisu cha kwanza cha askari wa Uswisi, cha mwaka 1890, hakikuzaliwa kwa ajili ya uzuri wala fahari. Jeshi lilikuwa limepokea bunduki mpya ya modeli ya 1889 ambayo haikuweza kufumuliwa bila bisibisi, na askari walikuwa wameanza kulishwa vyakula vya makopo. Kikatakiwa kisu kimoja chenye ubapa, bisibisi, kifungulia kopo na msharasi wa kutobolea, mpini wake ukiwa wa mbao nyeusi. Tena visu 15,000 vya mwanzo havikutengenezwa Uswisi. Vilitoka Solingen, Ujerumani, kwa sababu hapakuwa na karakana ya Uswisi yenye uwezo wa kutimiza oda hiyo. Karl Elsener, mfua visu wa Ibach katika jimbo la Schwyz aliyefungua karakana yake mwaka 1884, ndiye aliyehangaika hadi kazi hiyo ikarudi nyumbani, na mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi visu vyake. Baada ya hapo kisu hicho kilibadilishwa tena na tena: mpini ukaacha mbao, chuma kikawa kile kisichoshika kutu, na mwaka 1961 ikaja alumini. Kwa hiyo anayesema kisu kipya kimevunja mila anasahau kwamba mila yenyewe ni kubadilisha kisu kazi inapobadilika. Kisu cha 1961 nacho kilikuwa kigeni siku kilipotoka kiwandani.

Malalamiko ya uzito nayo hayasimami. Ni kweli gramu 131 zinakaribia mara mbili ya gramu 72, na suruali nyepesi huhisi tofauti hiyo. Lakini kisu cha 1890, ambacho watetezi wa urithi wangekinunua leo kwa bei kubwa mnadani, kilikuwa na gramu 144. Kama uzito ni usaliti, basi usaliti ulianza siku ya kwanza. Vilevile wako waliosikitika kwamba kisu kipya hakina kizibuo cha mvinyo. Hao wamechanganya visu viwili. Kizibuo ni cha kile kisu chekundu cha maofisa ambacho Elsener alikisajili mwaka 1897 na ambacho jeshi halikuwahi kumgawia askari wa kawaida. Kuhusu plastiki kuchukua nafasi ya alumini, jibu liko mikononi. Alumini nyembamba hupendeza machoni na hudumu miaka mingi, lakini kwenye theluji, mkono ukiwa na glavu au ukiwa umelowa, mpini mnene usioteleza humlinda mwenye nao. Jeshi linalofanya mazoezi milimani lilikuwa na sababu ya kuutaka.

Hofu nyingine ilikuwa nzito zaidi, nayo ilihusu mahali kitakapotengenezwa. Zabuni iliyotangazwa Februari 2008 na Armasuisse, idara ya manunuzi ya jeshi, ilikuwa wazi kwa watengenezaji wa nje kama kanuni za biashara ya kimataifa zinavyotaka, na wananchi wa Uswisi wakashtuka kusikia kwamba kisu chao kingeweza kutoka China. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Kwa zaidi ya karne moja kisu hicho kililisha familia za Ibach, na tangu 1908 serikali iligawa oda kati ya karakana ya Elsener na ile ya Wenger ya Delémont, ili upande unaosema Kijerumani na ule unaosema Kifaransa wote wapate riziki. Lakini hofu haikutimia. Kampuni saba zilialikwa, askari wakavijaribu visu Julai 2008, na Victorinox, kampuni ya ukoo huohuo wa Elsener ambayo mwaka 2005 ilikuwa imeshainunua Wenger, ikashinda. Oda ya visu 75,000 pamoja na mifuko yake iligharimu faranga milioni 1.38, yaani kama faranga 18 na senti 40 kwa kila kimoja. Kwa bei hiyo jeshi lilipata chombo imara, na hapo sina neno la kumlaumu aliyetia sahihi.

Tundu la kidole gumba ndilo linaloanza kutuonyesha tatizo lilipo. Mtu aliyening'inia kwenye kamba, au aliyeshika tawi kwa mkono wa kushoto, anahitaji kisu kinachofunguka kwa mkono uliobaki. Kwa askari hilo halina ubishi. Ila askari wa Uswisi hukaa na kisu chake hata baada ya utumishi kwisha. Akishavua sare, kisu hicho kinakuwa cha raia, kinabebwa kwenye treni, sokoni na mipakani. Na tarehe 1 Aprili 2008, katikati ya miezi ambayo zabuni ilikuwa ikiendelea, Ujerumani ilianza kukataza watu kubeba hadharani, bila sababu halali, kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga kwa kufuli. Nchini Uingereza sheria humruhusu mtu kubeba bila kujieleza kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, mradi kisiwe na kufuli. Kwa hiyo raia wa Uswisi akivuka mpaka na kisu alichopewa na serikali yake anaweza kujikuta akijieleza mbele ya polisi. Wapenzi wa visu waliolisema hili walikuwa sahihi. Hata hivyo silihesabu kuwa kosa la wabunifu. Sheria hubadilika, hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na jeshi haliwezi kutengeneza zana kwa kufuata kanuni za jirani. Kufuli inaokoa vidole, na tundu linaokoa muda pale muda unapokuwa haba. Raia asiyevihitaji anaweza kununua kisu kingine.

Makali ndiyo yasiyosameheka. Kisu, kabla ya kuwa na msumeno, bisibisi au kifungulia kopo, ni makali, na makali si kitu kinachonunuliwa mara moja kikaisha. Ni kitu kinachotunzwa. Msomaji wa Kiswahili halihitaji somo hili kutoka Ulaya. Mkulima hununua panga dukani likiwa butu, akalitia makali mwenyewe kwa tupa, kisha akalirudia kila msimu. Kisu cha jikoni huanza kikiwa kipana, na baada ya miaka ya kupitishwa kwenye kinoo huwa chembamba kama jani la mgomba lililochanwa na upepo, na bado kinakata nyama kuliko kipya. Mitaani kwetu wako mafundi wanaopita na baiskeli iliyofungwa jiwe la duara, wakikanyaga pedali na kunoa kisu cha mama ntilie kwa dakika chache. Ujuzi wote huo, wa Ibach na wa kwetu, umejengwa juu ya jambo moja: mstari wa makali ambao jiwe bapa linaweza kuugusa kutoka mwanzo hadi mwisho. Makali ya meno hayanoleki hivyo. Kila bonde la wimbi linahitaji kijiti cha duara au tupa nyembamba inayolingana nalo, mkono uliotulia, na muda. Ukiyapitisha kwenye kinoo cha kawaida unasaga ncha za meno, mabonde yanabaki butu, na baada ya mara kadhaa umebaki na kitu ambacho si msumeno wala si kisu. Tena makali ya kisu hiki yamechongwa upande mmoja tu, kama patasi, kwa kumkusudia anayetumia mkono wa kulia. Anayetumia mkono wa kushoto hukuta ubapa ukikimbilia upande asioutaka anapochonga mti au kukata mkate. Chombo kinachogawiwa kila kuruta, bila kumuuliza anatumia mkono upi, hakikupaswa kuchagua upande.

Watetezi wa meno wana hoja nzuri, na haifai kuizungukia. Meno hung'ata kamba nene, mkanda wa gari na utando wa mkoba mara moja, na huendelea kukata hata yakiwa yamechakaa, kwa sababu ncha za mawimbi hulinda mabonde yaliyo katikati. Askari wengi, wanasema, hawanoi visu vyao kamwe. Basi afadhali makali yanayovumilia uzembe kuliko makali yanayodai utunzaji. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo naikubali kabisa. Sehemu ya pili ndiyo inayonisumbua, kwa sababu inamtengenezea zana mtu asiyejali na kumnyima anayejali njia ya kuitunza. Kazi za kila siku za kisu cha mfukoni ni kukata mkate na jibini, kumenya tunda, kuchonga kijiti, kukata uzi, kufungua boksi. Kazi zote hizo hutaka mkato safi, na meno huziparura. Kwa kamba nene iliyoshindikana, kisu hichohicho kina msumeno. Kuweka meno kwenye ubapa mkuu wa kisu chenye msumeno ni kurudia kazi moja mara mbili na kuiacha ile ya msingi bila mwenyewe. Wala suluhisho halikuwa mbali, kwa kuwa Victorinox yenyewe huuza visu vya urefu uleule wa milimita 111 vyenye makali yasiyo na meno, vingine vikiwa na tundu la kidole gumba. Jeshi lingeweza kupata tundu, kufuli, msumeno na mpini usioteleza, na bado likampa askari makali anayoweza kuyanoa kwa jiwe lolote aliokotalo mtoni.

Ushahidi kwamba kisu cha jadi kinaweza kubadilishwa bila kuguswa moyo wake upo nchi jirani. Huko Savoie, Ufaransa, ukoo wa Opinel umetengeneza kisu chake cha mpini wa mbao tangu 1890, mwaka uleule wa kisu cha kwanza cha askari wa Uswisi. Kilikuwa na dosari moja ya hatari: ubapa uliweza kumkunjikia mtumiaji vidoleni. Mwaka 1955 Marcel Opinel aliongeza pete ya chuma shingoni mwa mpini, inayozungushwa kwa kidole ili kuufunga ubapa ukiwa wazi. Hayo tu. Mbao zikabaki, umbo likabaki, na makali yakabaki yaleyale ambayo mchungaji aliyanoa kwa jiwe la mlimani. Leo mtu aipendaye Opinel hawezi kuifikiria bila pete, na haoni kwamba pete ilikuwa badiliko. Badiliko hilo liliongeza usalama bila kumnyang'anya mwenye kisu uwezo wa kukitunza kwa mkono wake, na ndiyo maana halikumuudhi mtu.

Mjadala huu umepata uzito mpya tangu Mei 2024, Carl Elsener, mkuu wa Victorinox wa kizazi cha nne, alipoeleza kwamba kampuni inafanyia kazi zana za mfukoni zisizo na ubapa kabisa, kwa ajili ya waendesha baiskeli na wengineo wanaohitaji vifaa vingine bila kisu, kwa kuwa masharti ya kubeba visu yanazidi kukazwa katika nchi kadhaa. Kampuni ilifafanua kwamba visu vyenye ubapa vitaendelea kutengenezwa, na hakuna sababu ya kutoiamini. Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 na marufuku ya visu ndani ya ndege yaliiletea anguko la mauzo la takriban asilimia 30. Kampuni iliyopita hapo ina haki ya kujiwekea akiba. Mara hii pia wapenzi wa visu walipiga kelele kuhusu urithi. Ningewaomba wazielekeze kelele hizo kwingine. Zana isiyo na ubapa haimdhuru mwenye kisu, kwa sababu haijidai kuwa kisu. Kinachomdhuru ni ubapa ambao hawezi kuunoa. Siku Armasuisse itakapotangaza zabuni ya kisu kitakachofuata, wanaokipenda kisu cha askari wawaachie wabunifu rangi, plastiki na uzito, na wadai jambo moja tu: makali yasiyo na meno, yaliyochongwa pande zote mbili.