Chuo hakiishii getini

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru masomo yasimamishwe. Shule za kutwa zilifungwa kesho yake, za bweni zikapewa hadi Jumatano, na vyuo vikuu hadi Ijumaa ya tarehe 20. Sisemi amri ile ilikuwa mbaya. Ninalouliza ni jambo ambalo sijasikia likijadiliwa vya kutosha katika vyuo vyetu vya Pwani: wale vijana walikwenda wapi?

Walikwenda makwao. Walibeba magodoro, wakajaa kwenye mabasi, wakatawanyika nchi nzima, na wengi wakafikia kwenye nyumba ambazo nyanya na mjukuu hulala chumba kimoja. Vipimo havikuwa vya kutosha hata kwa wagonjwa, sembuse kwa mwanafunzi aliye mzima anayerudi kwao. Bahati yetu ni kuwa maradhi bado yalikuwa machache. Wiki tatu baadaye, tarehe 8 Aprili, Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungiwa, asiingie mtu wala asitoke. Fikiria kama vyuo vingefungwa wiki ile.

Wamarekani hawakuwa na bahati hiyo. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill kilifungua masomo tarehe 10 Agosti 2020. Wiki moja baadaye, maambukizi yalikuwa yameshaenea mabwenini, na masomo ya shahada ya kwanza yakahamishiwa kwenye intaneti. Mapema Septemba Daktari Anthony Fauci alivionya vyuo visiwarudishe makwao wanafunzi walioambukizwa, kwani wangeyasambaza maradhi nchi nzima. Alitaka watengwe na watunzwe pale pale chuoni.

Basi tujiulize sisi, tungewatenga wapi? Chuo cha Pwani si kisiwa. Wanafunzi wengi wa TUM hawalali bwenini, wanapanga Tudor na mitaa ya jirani, wawili watatu katika chumba kimoja ili kodi ilipike. Wa Chuo Kikuu cha Pwani wamepanga humo humo mitaani Kilifi. Asubuhi kijana hununua mahamri na mbaazi pale pale anaponunua mwenye nyumba wake, apande tuktuk na mama anayekwenda sokoni, ndipo afike getini, ambapo askari atampima joto la kipaji na kumwambia apite.

Kile kipima joto sikukipenda tangu mwanzo. Idadi kubwa ya waliogunduliwa na korona Kenya mwaka ule hawakuwa na dalili yoyote, homa wangeitoa wapi? Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, ambao makao yao yako hapo hapo Kilifi, walipochunguza damu za wachangiaji katika miezi ya kwanza ya maradhi, waligundua kuwa takriban mtu 1 kati ya 20 nchini alikuwa ameshaambukizwa, mbali kabisa na hesabu iliyokuwa ikisomwa kila jioni. Wote hao wangepita getini. Madirisha yaliyo wazi na darasa lisilosongamana yangefaa zaidi, lakini hayo hayaonekani kwenye picha za wageni wa heshima.

Halafu kuna maji. Tuliambiwa tunawe mikono, na mjini kwetu mwanafunzi hununua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni. Akichagua kati ya kunawa na kupika, atapika. Mifereji iliyofungwa getini haimfikii mtu anapolala.

Na wafagiaji na walinzi? Wengi ni vibarua au wameajiriwa kupitia makampuni, na asiyekuja kazini halipwi. Mtu wa namna hiyo akikohoa atakwambia ni vumbi. Nisingekuwa mkweli nikimlaumu.

Linalonipa moyo ni kuwa uwezo tunao. Mwaka 2020 majengo ya TUM yaligeuzwa kuwa kituo cha kutengea wagonjwa wa kaunti. Chuo kilichoweza kuupokea mji mzima hakishindwi kuweka vyumba vichache tayari kwa wanafunzi wake wenyewe, na mtu wa kuwapelekea chakula.

Wala hili si la kuzungumzia korona peke yake. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini alipatikana mpakani Taveta, kaunti ya hapa hapa Pwani. Mpox huambukiza kwa kugusana ngozi, kwa shuka na taulo. Wanafunzi watatu wanaolala kitanda kimoja mtaani hawawezi kusaidiwa na bango lililobandikwa kwenye ukuta wa maktaba.

Ninavyoona, kamati ya afya ya chuo isikae na wahadhiri peke yao. Aweko mwenye nyumba, mzee wa mtaa, mmoja wa kina mama wa vibanda vya chakula, na mtu wa afya wa wadi. Mkataba wa usafi useme wazi kuwa mgonjwa atalipwa siku zake. Na mwanafunzi mpya anaporipoti, aandike nyumba anayopanga, analala na nani, na nambari ya simu ya mwenye nyumba, ili siku maradhi yakizuka chuo kijue pa kuanzia kubisha hodi.