Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Bumu halijatoka na desa zimejaa mezani, lakini leo siyo hayo. Kuna jambo limenikaa kooni.

Hapa chuoni siku hizi mtu akishinda shindano la ubunifu, au akipata mwekezaji, tunampongeza kana kwamba kazi imeisha. Hundi kubwa ya kadibodi, picha, makofi! Ukiuliza kama programu yenyewe inafanya kazi, unaambiwa una roho mbaya.

Mimi nasema mtaji si mafanikio. Mtaji ni saa, na ikishaanza kuhesabu haisimami.

Tupige hesabu ya darasa la tano. Una shilingi milioni 60 na unatumia milioni 5 kwa mwezi. Hiyo ni miezi 12. Ulipanga kutengeneza kwa miezi 6, ukachelewa 4. Milioni 20 zimekwenda bila mteja hata mmoja kulipa, na imebaki miezi 2 tu ya kuuza. Unarudi kwa mwekezaji na njaa yako, na mwenye njaa hapangi bei. Ama utoe hisa nyingi kwa pesa kidogo, ama upeleke sokoni kitu kibovu ili uonekane una watumiaji.

Mnadhani natisha watu? Tazameni Nairobi. Kune, kampuni ya chakula, ilipata dola milioni 1 mwaka 2021, ikafungwa Juni 2022. Copia ilianza 2013, ikakusanya zaidi ya dola milioni 100, ikatanuka hadi Uganda, ikatoka huko 2023, na Mei 2024 ikawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Wakati huo huo Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 mwaka 2023, wawekezaji wakafunga mikoba. Yaani uamuzi wa Washington unamfuata mtu mpaka Nairobi, kwa sababu alijenga nyumba yake juu ya pesa ya awamu ijayo!

Mtaniambia mtaji wa hisa si mkopo. Sawa, benki haitakuja kuchukua godoro. Lakini mwenye hisa anataka ukuaji, tena haraka, na ukichelewa unalipa kwa kampuni yenyewe.

Mtaniambia pia bila pesa hakuna kitu. Kweli. BRCK, hao hao wa Nairobi, walichangiwa zaidi ya dola 172,000 kupitia Kickstarter mwaka 2013 kutengeneza kifaa cha intaneti kinachovumilia umeme kukatika. Kikachelewa, kikaanza kuwafikia watu 2014. Lakini wale waliochangia walikuwa wanakisubiri kifaa chenyewe. Mwaka 2015 wakatoa sanduku la tableti 40 kwa ajili ya madarasa. Kuchelewa hakukuwaua.

Sasa sisi wa ualimu. Wenzangu wawili wanatengeneza programu ya kujaza matokeo ya wanafunzi. Kwenye shindano moja waliambiwa waahidi shule 100 ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu! Shule zetu zina mihula miwili. Matokeo ya muhula yanajazwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nafasi za kuijaribu programu hiyo kwa kweli ni mbili tu. Ukikosea Juni unasubiri Desemba. Kalenda ya shule haimjui mwekezaji.

Ushauri wangu? Tafuta shule moja, mwalimu mkuu mmoja anayekubali kulipa hata kidogo. Kadiria muda, halafu zidisha mara mbili. Pesa ikija, ipokee kwa awamu zinazofuata mihula. Na ahadi ambayo kazi yako haiwezi kuibeba, ikatae, hata mbele ya kamera.

Tuache kupigia makofi hundi. Tumpigie makofi yule ambaye programu yake bado inatumika muhula wa pili.

Nimemaliza, mnirushie mawe taratibu. Alamsiki.