Pua ni Zetu, Sindano ni ya Nani?



Yako mambo ambayo chama huyanyamazia kwa kuwa yaonekana madogo. Mafua ni mojawapo. Mtu akikohoa twasema ni vumbi, ni baridi ya Julai, na kesho yuko kazini. Hasa kibarua, maana asipofika halipwi.

Wenzetu wakaao Kibera, upande wa Gatwekera na Soweto, wanakumbuka kwamba tangu mwaka 2006 watu wa KEMRI, wakisaidiana na Wamarekani wa CDC, walipita nyumba kwa nyumba kwa miaka mingi wakiuliza nani ana homa, nani anakohoa. Watu zaidi ya 20,000 waliandikwa. Aliyeugua alitibiwa bure katika zahanati ya Tabitha, na wengi walitiwa kijiti chenye pamba puani, kikapelekwa maabara. Sisi wa Raila na wa Kawangware tuliwacheka kidogo. Tulisema, makamasi nayo yana faida gani?

Faida ipo, tena kubwa. Kirusi cha mafua hubadili koti kama mwizi wa stesheni. Kila mwaka, Februari na tena Septemba, Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu wakavitazama virusi vilivyokusanywa pande zote za dunia, ndipo wakachagua vya kutengenezea chanjo. Kuitengeneza huchukua kama miezi sita. Kirusi kikibadilika katikati, sindano hailingani tena na ugonjwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2014: ile namna ya H3N2 iliyochaguliwa Februari siyo iliyoenea baadaye, na huko Marekani chanjo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 19 tu. Kwa kuchungua hivyo hivyo ikaonekana kwamba namna moja ya B, iitwayo Yamagata, haikuthibitishwa popote baada ya Machi 2020, na mwaka 2023 wataalamu wakashauri iondolewe katika chanjo. Pasipo vijiti vya puani, kuchagua ni kubahatisha.

Tena Ulaya mafua huja na baridi yao, yakaisha. Kwetu, karibu na ikweta, hupatikana mwaka mzima, mara yakipanda, mara yakishuka. Kalenda yao haitutoshi. Lazima tupimwe sisi wenyewe.

Sasa twauliza. Pua zimetoka Kibera. Je, sindano imefika Kibera? Mwaka 2016 kamati ya wataalamu wa chanjo wa Kenya ilishauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe mafua. Hata hivyo chanjo hii haimo katika zile za kawaida ambazo mtoto hupewa bure. Mwenye fedha huinunua. Mama wa Raila auzaye mboga kando ya reli ataitoa wapi?

Wala sisi watu wa reli tusiseme hayatuhusu. Ile homa kuu ya mwaka 1918 iliingia kwa bandari ya Mombasa, na ni reli hii hii iliyoipandisha bara. Leo gari la abiria la Kikuyu lapita katikati ya Kibera, watu wamebanana, madirisha yamefungwa kwa mvua. Mmoja akipiga chafya, aliye jirani hana pa kukimbilia. Na akata tiketi humpumulia kila mtu, na kila mtu humpumulia yeye.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Kibarua wa siku kwa siku hapati hata moja. Utamwambiaje akae nyumbani asiwaambukize wenzake?

Kwa hiyo twataka waajiri walipie chanjo ya kila mwaka kwa wote wakaao na abiria, na vibarua wasikatwe fedha wakiwa wagonjwa. Kwa Serikali twadai lile shauri la 2016 litimizwe. Kila mwanachama aliyekatwa mshahara kwa ajili ya mafua tangu Januari amwandikie katibu wa tawi lake, ataje siku ngapi na shilingi ngapi. Barua zifike kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie.