Oili ya Pikipiki ya Hesabu

Miongoni mwa magomvi yanayofikishwa siku hizi kwa wazee wa familia, na hata kwa maimamu, ni la pikipiki ya hesabu iliyokufa injini. Mama ameweka akiba kidogo kidogo, amenunua bodaboda, amemkabidhi mtoto wa dada yake aende nayo kijiweni. Mwaka haujaisha, injini inagonga na kutoa moshi. Fundi akiifungua anakuta ringi zimelika na oili imekuwa uji mweusi. Hapo undugu huanza kutetereka.

Tuanze na la kifundi. Oili humwagwa kwa kilomita, si kwa kukumbuka, na kiwango kimeandikwa katika kile kitabu kinachokuja na pikipiki, ambacho wengi wetu hatukifungui. Pikipiki mpya humwagwa mapema, kwa kawaida ndani ya kilomita 1,000 za mwanzo, kwani vyuma vipya vikisuguana hutoa unga. Baada ya hapo ni hesabu tu. Kijana anayetembea kilomita 120 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hufikisha 2,880 katika wiki 4. Basi asemaye kwamba humwaga kila baada ya miezi mitatu amekwishapita kilomita 9,000 kwa oili ile ile. Wenye pikipiki kubwa za mbio huweza kwenda mbali kabla ya kumwaga, lakini zile hubeba oili lita 3 au zaidi, na nyingi hupozwa kwa maji. Hii yetu ina lita 1 hivi, hupozwa kwa upepo, nayo hushinda katika foleni isiyo na upepo. Lita hiyo hiyo ndiyo inayolainisha injini, gia na klachi. Ndiyo maana oili ya gari, hata iwe ya bei kubwa, huweza kuifanya klachi iteleze. Na ile ya kupima kutoka kwenye pipa lisilojulikana asili yake, sisi hatuishauri kabisa.

La pili ni zito zaidi: nani alipe? Wanazuoni wa fiqhi wamemhesabu aliyekodi kitu kuwa ni mwaminifu juu yake. Halipi kilichoharibika ila akivuka mpaka au akizembea. Kukifanya kitu kiendelee kufaa kwa kazi yake, asili yake ni juu ya mwenye mali, ila matunzo ya kawaida wakiyapatana vingine. Sasa, wangapi wamepatana? Suratul Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba, nasi tunakabidhiana mali ya mamilioni kwa maneno ya mlangoni. Kijana anadhani oili ni ya mama, mama anadhani ni ya kijana, na injini inakauka katikati yao.

Wala tusimlaumu kijana peke yake. Mwenye mali anayedai hesabu kamili hata siku pikipiki iliposhinda kwa fundi, humfundisha kijana kutompeleka kwa fundi.

Tunashauri yaandikwe matatu, mbele ya mashahidi wawili: oili ni ya nani, imwagwe kila kilomita ngapi, na siku ya fundi hesabu ipunguzwe kiasi gani. Kila ikimwagwa, kilomita ziandikwe kwenye daftari. Mita ikiwa imekatika, na nyingi zimekatika, itengenezwe kwanza kabla ya kuandikiana lolote.